Maswali ya gereji: Bodi mpya, injini nyingine, gari bado ni ile ile?

SWALI: Shikamoo mzee wa gereji. Sisi tuko Usa River, tuna Land Rover 109 Series III ya mwaka 1976, marehemu baba aliinunua kwa wamisheni akaitumia mpaka ikachoka kabisa. Juzi juzi mimi na kaka tumeifufua, bodi tumebadilisha karibu yote, injini ya petroli tukatoa tukaweka ya dizeli, 300 Tdi, pamoja na giaboksi yake. Sasa kaja mzungu mmoja anakusanya magari ya zamani, kaikagua akasema hii siyo ya 1976, ni gari ya kuunga unga, bei akaikata nusu. Baba mdogo naye anamuunga mkono, anasema gari ya kaka yake iliisha siku ile mlipong'oa injini. Je tumeharibu? Na kwenye tangazo tuandike mwaka gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mteja msimkasirikie, kushusha bei ni haki ya mnunuzi yeyote, ila hoja yake ni nusu kweli na ile nusu nyingine ndo nataka tuiongee.

Kuna kesi maarufu sana ya Bentley iliyoamuliwa London mwaka 1990. Gari yenyewe inaitwa Old Number One, modeli ya Speed Six, iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa mara mbili mfululizo, 1929 na 1930, Woolf Barnato akiwa mmoja wa madereva mara zote mbili. Sasa gari ya mashindano haikai kama ilivyotoka kiwandani, kila msimu mafundi wanafungua hiki wanafunga kile, mwaka 1932 ikawekewa injini ya lita 8 ikapelekwa uwanja wa Brooklands huko huko Uingereza, ikaruka nje ya barabara, dereva Clive Dunfee akafariki. Baadae ikajengwa tena, ikavikwa bodi nyingine kabisa. Miaka ikaenda, mwenye nayo akakubaliana na kampuni moja aiuze pauni milioni 10, halafu kampuni ikageuka, ikasema hii siyo ile ya Le Mans, ya Le Mans humu hamna kitu. Na kwa upande wa vyuma walikuwa na hoja bana! Jaji Otton alikuta vilivyobaki kutoka ile ya 1930 ni vya kuhesabu, kava ya giaboksi, stelingi kolamu, shafti ya pedali, basi. Lakini akaamua gari ni yenyewe, kwa sababu mabadiliko yalikuja kidogo kidogo, kila spea mpya iliingia kwenye gari ambayo tayari ipo, hakuna siku gari ilikufa ikazaliwa nyingine, na hakuna Bentley nyingine yoyote inayoweza kujitokeza ikadai jina lile. Kampuni ikaambiwa itimize mkataba.

Kwa hiyo baba mdogo mwambieni kwa heshima kwamba injini haibebi roho ya gari. Hata DVLA, mamlaka ya usajili ya Uingereza, kwa miaka mingi walikuwa na hesabu ya pointi kwa gari iliyobadilishwa sana ambayo mwenye nayo anataka ibaki na namba yake: chesisi pointi 5, springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, stelingi 2, injini 1. Ilitakiwa ifike 8 na chesisi iwemo. Umeona? Injini mnayogombania hapo nyumbani ni pointi moja! Na bodi ya gari iliyokaa juu ya chesisi yake, kama Land Rover, haimo kabisa kwenye hesabu. Kama chesisi, springi, ekseli na stelingi ni zile za mzee, nyie mna 11.

Ila mwanangu barua yako imeruka kitu kikubwa, hujasema chesisi mliifanyaje. Land Rover bodi yake ni aluminiamu, hailiwi na kutu kama bati la kawaida, kinacholiwa ni chesisi, hasa ile mhimili ya nyuma kabisa na zile pembe za pembeni zinazobeba bodi. Kama mlikata palipooza mkachomelea chuma kipya, hiyo ni matengenezo, hakuna wa kukusumbua. Lakini kama mlichukua chesisi ya Land Rover nyingine iliyolala kwenye uwanja wa fundi, basi samahani, hapo mmefufua ile nyingine na kuivalisha nguo za gari ya mzee. Na kama kuna fundi "aliwasaidia" kusaga namba na kugonga ya kwenye kadi, hilo ni la polisi, mimi simo. Nenda mbele upande wa kulia, pale springi inapofungwa kwenye chesisi, piga brashi ya waya mpaka namba isomeke, linganisha na kadi.

Sasa ile nusu ya mzungu. Mkusanyaji analipia vyuma vya wakati ule, anataka injini ya lita 2.25 na namba zilizotoka nayo kiwandani, na ukimwekea Tdi hata kama inavuta vizuri mara mia kwake umepunguza thamani, hapo hajakosea. Mtu wa safari yeye ataifurahia hiyo Tdi kuliko petroli inayokunywa kama nini sijui. Basi tafuteni mteja sahihi. Na ile injini ya zamani naomba sana isiuzwe skrepa, ifungeni vizuri muiweke, mnunuzi akijua inakuja na gari bei inabadilika. Kama namba ya chesisi imelingana na kadi, tangazo andikeni 1976, chini yake mwandike bodi imebadilishwa, injini ni 300 Tdi, ya zamani ipo. Kabla ya hapo nendeni TRA kadi isome injini iliyomo, maana nimeona biashara nyingi zikifia hapo.

SWALI: Mzee, nimesikia Jaguar wametengeneza upya XKSS za mwaka 1957. Hizo ni orijino? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Walipanga 25, moto wa kiwandani tarehe 12 Februari 1957 ukateketeza 9, ndo 2016 wakatangaza kuzijenga hizo 9 kwa zaidi ya pauni milioni moja kila moja. Kwangu mimi ni Jaguar halali, mpya, ya miaka hii. Anayekuuzia kama ya 1957 mwambie hizo ziliungua.

SWALI: Habari mzee, niko Mombasa, nimepata Beetle mtu anauza kama ya 1967, taa za mbele zimelala kama za zamani, kadi nayo inasema 1967. Namba ya chesisi inaanza na 113 na ina tarakimu kumi. Bei yake imechangamka. Ninunue?

JIBU: Nzuri sana. Usinunue kwa bei hiyo. Kuanzia modeli ya 1965 tarakimu ya tatu kwenye namba ya Beetle ndo inataja mwaka, ya 1967 ingeanza na 117 na ingekuwa na tarakimu tisa, yako ya kumi inayoanza na 113 ni modeli ya 1973. Taa zisikudanganye kabisa, madigadi ya Beetle yanafungwa kwa bolti, saa moja tu fundi kakupa sura ya mwaka anaotaka. Inua kiti cha nyuma, namba imegongwa kwenye chuma pale katikati. Kama ni ile ile 113 na kadi inasema 1967, hiyo kadi ilikuja na gari nyingine, muulize iko wapi. Akianza kukwambia habari za binamu yake wa Voi, rudi nyumbani.