Maswali na Majibu ya Kikapu: Timu 11, uwanja mmoja, siku nne

SWALI: Mimi ni katibu wa michezo katika chuo kimoja hapa Nairobi. Ligi yetu ya vyuo ina timu 11 na tunataka kuimalizia kwa mtoano wa siku nne, kama zinavyofanya konferensi (ligi) za vyuo Marekani. Uwanja ni mmoja, wa saruji, hauna paa. Tupangeje, na nani aruke raundi ya kwanza? – Katibu, Kasarani

JIBU: Ndugu Katibu, idadi yenu ni ileile ya konferensi ya Big East, ambayo mtoano wake wa wanaume umechezwa Madison Square Garden, New York, kila mwaka tangu 1983. Igeni mpangilio wao. Timu 11 zinahitaji mechi 10, kwa kuwa kila mechi huondoa timu moja.

Siku ya kwanza, kwa nafasi za msimamo wa ligi: wa 8 na wa 9 saa tatu asubuhi, wa 7 na wa 10 saa tano, wa 6 na wa 11 saa saba. Tano bora hawachezi. Siku ya pili ni robo fainali: wa 1 na mshindi wa 8/9 saa tatu, wa 4 na wa 5 saa tano, wa 2 na mshindi wa 7/10 saa saba, wa 3 na mshindi wa 6/11 saa tisa. Washindi wa mechi mbili za kwanza wakutane nusu fainali, na wa mbili za mwisho vivyo hivyo. Kwa njia hiyo wa 1 na wa 2 hawawezi kukutana kabla ya fainali, na kila aliyecheza jana amepumzika karibu saa 22 au zaidi.

Msibane ratiba chini ya saa mbili kwa mechi. Dakika 40 za kucheza, ukiongeza mapumziko ya dakika 15, faulo na taimauti, hukaribia saa moja na nusu. Zinazobaki ni za kupasha misuli na, ikibidi, dakika 5 za muda wa ziada.

Kosa ninaloliona sana ni kuamua kwa bahati nasibu nani aruke raundi. Tafadhali msifanye hivyo! Nafasi ile ni malipo ya msimu mzima: wa 1 anahitaji ushindi mara tatu, wa 6 mara nne kwa siku nne mfululizo, na juu ya saruji magoti huanza kulalamika siku ya tatu.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kutenganisha timu zilizolingana iandikwe kabla ya ligi kuanza. Tumieni ya FIBA, shirikisho la kikapu duniani: ushindi alama 2, kushindwa 1, kutofika uwanjani 0. Zikilingana, tazameni mechi walizokutana wenyewe, kisha tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa katika mechi hizohizo. Mkingoja msimu uishe, kila kocha atakuja na hesabu inayompendelea.

Mezani wawe wanne: mwandishi wa matokeo, msaidizi wake, wa saa ya mchezo na wa saa ya sekunde 24 (muda wa timu kurusha mpira kikapuni). Wekeni saa mbili za mkono za kupimia muda, kwa ajili ya umeme kukatika.

Kuhusu mvua, tengeni siku ya tano ya akiba, hasa Aprili. Uwanja ukishafutwa maji, pimeni kwa kiatu kwenye mistari. Saruji tupu inaweza kushika huku rangi ya mstari ikiteleza kama sabuni, na kifundo cha mguu huvunjikia hapo.

SWALI: Kwa nini timu iliyoongoza konferensi ndogo Marekani msimu mzima hukosa mashindano ya taifa kwa kufungwa mechi moja tu? – Msomaji, Buruburu

JIBU: Kwa sababu tiketi ya moja kwa moja hupewa bingwa wa mtoano wa konferensi. Mwaka 2025, kati ya timu 68 za wanaume, 31 ziliingia hivyo na 37 zilichaguliwa na kamati, nyingi zikitoka konferensi kubwa.

Mlango huo humfaa pia mnyonge. Mwaka 2024 North Carolina State, ya 10 katika konferensi kubwa ya ACC, ilishinda mara tano kwa siku tano ikatwaa mtoano wake, kisha ikafika nne bora za taifa. Katika nusu fainali ya ACC ilikuwa nyuma kwa pointi 3 dhidi ya Virginia, zikibaki sekunde tano na ushei. Kwa kanuni ya wanaume wa vyuo, kuanzia faulo ya 7 hadi ya 9 ya timu katika kipindi, mtupo wa pili hupatikana tu ukifunga wa kwanza. Virginia walikosa wa kwanza. Michael O'Connell akakimbia na mpira, akarusha wa pointi tatu, ukagonga ubao ukaingia. NC State wakashinda kwenye muda wa ziada.

SWALI: Saa za kutazama mitoano hiyo ya Marekani tukiwa hapa Kenya? – Msomaji, Rongai

JIBU: Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, ongeza saa 7 kwenye saa za New York; kabla ya hapo ni 8. Saa sita mchana kwao ni saa moja jioni kwetu, na mechi yao ya saa moja jioni huanza saa nane usiku. Mitoano mikubwa ya wanawake hutangulia, kwa hiyo mara nyingi huangukia kwenye tofauti ile ya saa 8.