Maswali ya Wasomaji: Vigogo, Vibonde na Ratiba ya Kikapu cha Vyuo vya Marekani

SWALI: Ndugu Mhariri, nafuatilia mpira wa kikapu wa wanaume katika vyuo vya Marekani, na kila ifikapo Novemba najiuliza jambo lile lile. Chuo chenye jina kubwa na kocha anayelipwa mamilioni kinaalika chuo kisichojulikana, kinakifunga kwa tofauti ya pointi 40, kisha wiki inayofuata kinaalika kingine cha aina hiyo hiyo. Wakati huo huo vipo vyuo vinavyowatafuta vigogo kwa hiari yao na kufungwa mara tatu au nne kabla ya Krismasi. Kati ya hao, nani anapanga ratiba kwa akili? — Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na sehemu ya ratiba iliyo mikononi mwa kocha, kwa maana si yote. Timu ya daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hucheza takribani mechi 30 kabla ya mashindano ya taifa ya mwezi Machi. Nyingi kati ya hizo, 18 au 20 kwa konferensi kubwa (konferensi ni kundi la vyuo vinavyoshindana kila msimu kama ligi), ni dhidi ya wanachama wenzake wa konferensi, na hizo hupangwa na konferensi yenyewe. Zinazobaki, kumi na ushei, ndizo ambazo kocha na wasaidizi wake huzitafuta kwa simu na mikataba, aghalabu miezi mingi kabla ya msimu, wakati ambapo hakuna ajuaye kwa hakika nani atakuwa na kikosi cha kuogopwa na nani atakuwa amepoteza wachezaji wake wote wazuri.

Anapopiga simu hizo, kocha huwa anaifikiria kamati ya uteuzi. Tangu mwaka 2011 mashindano ya taifa huchukua timu 68. Mabingwa wa konferensi huingia moja kwa moja, lakini zaidi ya nusu ya nafasi hutolewa na kamati baada ya kupima nani alishinda mechi ngapi, dhidi ya nani, na wapi. Namna ya kupima hilo imebadilika, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyowafanya makocha wabadili ratiba zao.

Kuanzia mwaka 1981 hadi 2018 kamati ilitumia kipimo kilichoitwa RPI, ambacho hesabu yake ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kalamu. Robo ya alama ilitokana na kiwango cha ushindi cha timu yenyewe, nusu nzima ilitokana na kiwango cha ushindi cha wapinzani wake, na robo iliyobaki ilitokana na wapinzani wa wapinzani hao. Chukua timu iliyocheza mechi 30, tukiacha kando uzito wa nyumbani na ugenini ulioongezwa baadaye. Ikipoteza mechi moja ambayo ingeweza kushinda, kiwango chake cha ushindi kinashuka kwa 1/30, na kwa kuwa sehemu hiyo ina uzito wa robo, alama yake inapungua kwa 0.0083. Sasa tuseme haikupoteza mechi hiyo, bali iliondoa kwenye ratiba mpinzani aliyeshinda asilimia 20 ya mechi zake na kumweka aliyeshinda asilimia 60, na ambaye nayo ingemfunga nyumbani bila jasho. Wastani wa wapinzani unapanda kwa 0.4 gawanya kwa 30, na nusu yake ni 0.0067. Kumbadilisha kibonde mmoja kwa timu ya kati kulikaribia thamani ya ushindi mzima, na kuwabadilisha wawili kuliizidi. Makocha waliokuwa na wasaidizi wapenda hesabu waligundua jambo hili mapema, wakaacha kualika timu dhaifu kabisa na kuanza kuwinda timu zinazotamba katika konferensi ndogo, ambazo hushinda mechi nyingi kwao lakini hazimnyimi usingizi mwenyeji mwenye kikosi kizuri.

Katika msimu wa 2018–19 RPI iliwekwa kando, ikaja NET, ambayo hutazama pia ufanisi, yaani timu inafunga na kufungwa pointi ngapi kwa kila mara 100 inapomiliki mpira, baada ya kuzingatia nguvu ya mpinzani. Kwa hatua hiyo mlango mmoja ulifungwa na mwingine ukafunguka. Kibonde aliyekuwa sumu chini ya RPI hata ukimfunga, sasa anaweza kukupandisha, ilimradi umfunge kwa tofauti kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Ukiona wachezaji wa kikosi cha kwanza bado wanakimbia uwanjani ilhali mechi imekwisha kitambo, huenda sababu ni hiyo, na binafsi naliona kuwa jambo lisilopendeza.

Hata hivyo, kamati haisomi namba moja ikafunga daftari. Kila timu ina karatasi yake, na mechi zake hupangwa humo katika makundi manne kwa kufuata nafasi ya mpinzani katika NET na mahali mechi ilipochezwa. Kundi la kwanza, lenye thamani kuliko yote, linahusu timu 30 za juu ukicheza nyumbani, 50 za juu ukicheza kwenye uwanja usio wa mmoja wenu, na 75 za juu ukicheza ugenini. Ukiifunga nyumbani timu iliyo ya 31, umepata ushindi wa kundi la pili. Ukiifunga kwao timu iliyo ya 75, umepata wa kundi la kwanza. Mpangaji ratiba anayeuliza tu kama mpinzani ni mgumu au ni rahisi, bila kuuliza mechi itachezwa wapi, ameuliza nusu ya swali.

Karatasi hiyo imekwisha kuwaumbua watu. North Carolina State ilimaliza msimu huo wa kwanza wa NET kabla ya uteuzi ikiwa imeshinda mechi 22 na kupoteza 11, na ilishika nafasi ya 33, ambayo kwa kawaida inatosha. Kasoro ilikuwa katika mechi ilizojipangia yenyewe: nguvu ya ratiba yake nje ya konferensi ilikuwa ya 353 kati ya timu 353. Ikaachwa nje. Mwaka 2025 mambo yakawa kinyume kwa jirani yake, University of North Carolina, iliyopewa nafasi ya dakika za mwisho ingawa ilikuwa imeshinda mechi 1 tu na kupoteza 12 za kundi la kwanza. Kabla ya mwaka mpya ilikuwa imekwisha kukabili Kansas, Auburn, Michigan State, Alabama na Florida, ikafungwa na wote watano. Kelele zilikuwa nyingi, hasa kwa kuwa mwenyekiti wa kamati alikuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo hicho hicho, ingawa kanuni zilimtoa chumbani wakati timu yake ilipojadiliwa. Timu hiyo ilikwenda kuifunga San Diego State pointi 95 kwa 68 katika mechi ya mchujo, kisha ikatolewa na Mississippi.

Sitaki uelewe kwamba kufungwa na vigogo ni sifa. Timu inayowatafuta vigogo na kufungwa na wote imejifunza udhaifu wake, lakini haina ushindi wa kumwonyesha mtu. Rai yangu kwa timu ya konferensi kubwa ni kwamba mechi tatu au nne ngumu zinatosha, walau moja ikiwa ugenini, kwa sababu konferensi yenyewe itailetea mechi nyingine ngumu hadi Machi. Na nafasi zinazobaki zijazwe na timu za kati badala ya zile za mkiani. Mechi rahisi kabisa iwekwe pale inapohitajika kweli, kama vile baada ya mitihani ya Desemba, au siku za mwanzo ambapo kocha ana wachezaji wengi wapya waliohamia kutoka vyuo vingine na hajajua nani acheze na nani.

Kuhusu hofu ya kwamba vipigo vya mapema huvunja moyo wa wachezaji, mtazame Tom Izzo wa Michigan State, ambaye kwa miaka mingi amekuwa na mazoea ya kuipeleka timu yake kwa yeyote mwenye nguvu. Katika msimu wa 1999–2000 ilipoteza mechi 7, mojawapo dhidi ya Wright State, ambayo haikuwa kigogo kwa kipimo chochote, na nahodha wake Mateen Cleaves alikosa mechi 13 za mwanzo kwa kuumia mguu. Msimu huo iliumaliza ikiwa bingwa wa taifa.

SWALI: Na hao wanaokwenda kufungwa wanapata nini? Je, si aibu kwa chuo kujipeleka machinjioni? — Mpenzi wa kikapu

JIBU: Wanapata fedha, na kwa vyuo vingi vidogo fedha hizo ni sehemu ya kutegemewa ya bajeti ya idara ya michezo. Chuo kikubwa humlipa mgeni ili aje kucheza mara moja bila ahadi ya kwenda kwake. Kwa mwenye ukumbi wa kuingiza watazamaji maelfu, malipo hayo hurudi kupitia tiketi, na mechi ya nyumbani huwa imepatikana. Kwa mgeni, safari chache za namna hiyo mwezi Novemba na Desemba hulipia nauli na mengineyo ya msimu mzima. Kocha wake hulipia kwa upande mwingine: anaingia kwenye konferensi yake mwezi Januari akiwa na vipigo saba au vinane, na wachezaji wasiokumbuka mara ya mwisho waliposhangiliwa.

Lakini mgeni akilipwa hajaapa kufungwa. Tarehe 12 Novemba 2019 Kentucky, iliyokuwa ya kwanza nchini kwa kura za waandishi, iliilipa Evansville dola 90,000 ije Rupp Arena, ukumbi wa nyumbani wa Kentucky. Evansville ikashinda pointi 67 kwa 64 na kuondoka na hundi yake, ikiwa chini ya Walter McCarty, kocha aliyewahi kutwaa ubingwa wa 1996 akiwa mchezaji wa Kentucky hiyo hiyo. Wiki mbili baadaye Stephen F. Austin iliifunga Duke, nayo ikiwa ya kwanza nchini, pointi 85 kwa 83 katika muda wa nyongeza. Mpira ulipotea mikononi mwa Duke sekunde za mwisho, ukamfikia Nathan Bain, naye akakimbia nao hadi upande wa pili na kuuweka kikapuni king'ora kikilia. Ilikuwa imepita miongo karibu miwili tangu Duke ipoteze nyumbani mechi isiyo ya konferensi.

Usifikiri kwamba Evansville ilikuwa nzuri kwa siri. Katika mechi 18 za konferensi yake msimu ule haikushinda hata moja. Kwa Kentucky hiyo ndiyo hatari ya mechi rahisi: ushindi haumshangazi mtu, na kufungwa kunabaki kwenye karatasi hadi Machi.

SWALI: Timu nzuri iliyo katika konferensi dhaifu ifanyeje? Haina mechi ngumu za Januari na Februari. — Msomaji

JIBU: Timu hiyo haina anasa ya kuchagua, ni lazima iwatafute vigogo mapema, na kwa sehemu kubwa kwao, kwa sababu kigogo hana faida ya kwenda kufungwa katika ukumbi mdogo. John Chaney, aliyeifundisha Temple tangu 1982 hadi 2006, alijenga jina kwa kukubali kucheza na yeyote popote. Vipigo vya Novemba havikumshughulisha, na mwaka 2001 timu yake iliyokuwa na vipigo vingi ilipangwa ya 11 katika kanda yake, mojawapo ya kanda nne za mashindano, ikafika robo fainali ya taifa. Gonzaga ya Mark Few, ambayo kwa miaka mingi imecheza katika konferensi ya West Coast, ilifuata njia hiyo kwa uvumilivu: haijakosa mashindano yoyote ya taifa yaliyofanyika tangu 1999, na imecheza fainali mbili, 2017 na 2021.

Njia hiyo haina dhamana. Msimu wa 2015–16 Monmouth ilizifunga UCLA, Notre Dame, USC na Georgetown, zote mbali na nyumbani, ikafika siku ya uteuzi na ushindi 27 na vipigo 7, ikaachwa. Kamati ilitazama vipigo ilivyopata kutoka kwa timu za mkiani. Niliona kuwa ni uonevu, na bado naona hivyo, kwa maana timu kubwa yenye ushindi minne wa aina hiyo ingesamehewa.

SWALI: Je, kwa wanawake ni hivyo hivyo? — Msomaji

JIBU: Kwa kiasi kikubwa ndiyo. Mfano ulio wazi ni University of Connecticut ya Geno Auriemma, iliyokuwa katika konferensi ya American kuanzia msimu wa 2013–14 hadi 2019–20 na kuwafunga wapinzani wake wa konferensi mara 139 bila kupoteza hata moja. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kuisukuma, ilijaza nafasi zake nyingine na timu kama Notre Dame, Baylor na South Carolina, nyingine zikiwekwa Januari na Februari, katikati ya mechi za konferensi, ili timu isifike Machi ikiwa imesahau namna ya kucheza dakika za mwisho matokeo yakiwa sare. Katika miaka hiyo ilitwaa ubingwa wa 2014, 2015 na 2016, kisha mwaka 2020 ikarejea konferensi ya Big East.