Yule mwenye ngozi ya simba ni Alexander au mungu?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nimeona picha ya sarafu ya fedha ya Alexander Mkuu, upande mmoja kuna kijana kajivika kichwa cha simba, upande wa pili mzee kakaa kwenye kiti na ndege mkononi. Rafiki yangu anasema huyo kijana ndo Alexander mwenyewe, mimi nasema ni mungu. Tumebishana mpaka basi, nani kapatia?

JIBU: Umepatia wewe. Huyo kijana ni Herakles, mwana wa Zeus mkuu wa miungu ya Wagiriki wa kale, na ngozi ni ya yule simba wa Nemea wa kwenye hadithi zao, ambaye Herakles alimuua kwa kumkaba koo maana mshale haukupenya, na mzee wa kwenye kiti ndo Zeus mwenyewe na tai wake, kwa hiyo mmewaona baba na mwana kwenye sarafu moja. Rafiki yako kachanganywa na maandishi, na wengi wanachanganywa hapohapo, yale maneno ya Kigiriki maana yake “ya Alexander”, yaani ni pesa ya mfalme huyo, halafu angalieni vizuri, jina limekaa upande wa Zeus wala haliko pale kwenye kichwa cha kijana. Na ushahidi ninaoupenda zaidi ni huu: Herakles na ngozi yake alishakuwepo kwenye sarafu za Amyntas wa Tatu, babu yake Alexander, na huyo babu alikufa kabla mjukuu hajazaliwa mwaka 356 KK. Wafalme wa Makedonia, nchi ya kina Alexander, walijihesabu ni uzao wa Herakles, ndo maana hawakumwachia.

Mkimtaka Alexander mwenyewe tafuteni sarafu za Lysimachus, jemadari wake aliyekuja kuwa mfalme, zilipigwa miaka mingi baada ya Alexander kufa 323 KK. Hapo ana pembe ya kondoo dume kichwani, alama ya mungu Ammon, keshageuzwa mungu naye!

Siku nyingine msihangaike na sura, zinafanana mno, tazameni kitu alichoshika au mnyama wake. Poseidon, mungu wa bahari, ana mkuki wa ncha tatu. Athena, mungu wa kike wa hekima na vita, ana kofia ya vita, na kwenye sarafu za Athens ukigeuza nyuma unamkuta bundi wake na kitawi cha mzeituni, bundi huyohuyo ambaye leo yuko kwenye yuro 1 ya Ugiriki.