Poti nimezifungua, cheti cha seva hakitoki

Swali: Assalaam alaykum. Nipo Wete, Pemba. Nyumbani nina seva ndogo ya Raspberry Pi 4 tunayowekea mahudhurio na ada za wanafunzi wa chuo chetu cha Kur-ani. Nikiwa ndani ya nyumba inafunguka kwenye simu, ila brauza inalalamika si salama. Nikiomba cheti cha usalama cha bure cha Let's Encrypt kwa certbot, programu ya kuombea vyeti hivyo, najibiwa "Timeout during connect (likely firewall problem)". Poti 80 na 443, yaani milango ya mtandao inayotumiwa na tovuti, nimeshazielekeza kwenye seva, ukuta wa ulinzi nimeuzima, wapi! Ruta ni ya laini ya simu. Nimerudia hadi naambiwa nimezidisha maombi. Nifanyeje?

Jibu: Wa alaykum salaam. Kwanza acha kurudia, na huo ukuta wa ulinzi uuwashe leo hii, ubakishe wazi poti unazozihitaji tu. Seva yenye majina ya watoto haikai bila ulinzi. Let's Encrypt huvumilia kushindwa mara 5 kwa saa kwa jina moja, kwa hiyo subiri. Ukijaribu tena, ongeza `--dry-run`: ombi litakwenda kwenye seva yao ya majaribio.

Katika maelezo yako yote, lililonishitua ni "laini ya simu". Fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani ya IP iliyopewa upande wa intaneti. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, au namba yake ya kwanza kabla ya nukta ni 10, basi kampuni imekuwekeni wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama jumba la Michenzani: barua imeandikwa namba ya jengo tu, fleti haikutajwa. Let's Encrypt inapobisha poti 80 ya anwani hiyo ya pamoja, hakuna wa kuielekeza kwako. Poti ulizofungua ni za ruta yako. Ya kampuni hukuigusa wala huwezi. Ujumbe ule unataja ukuta wa ulinzi kwa kukisia tu. Na seva kufunguka ndani ya nyumba hakuthibitishi kitu, kwani simu yako haitoki nje kuifikia.

Njia ni kuthibitisha kwa DNS (orodha ya intaneti inayounganisha majina na anwani za IP), ambako hakuna anayehitaji kuifikia seva:

`sudo certbot certonly --manual --preferred-challenges dns -d jina-lako`

Utapewa maneno ya kuweka kwenye rekodi ya TXT chini ya `_acme-challenge` pale unaposimamia kikoa chako, yaani jina la seva yako kwenye intaneti. Ngoja rekodi ienee ndipo ubonyeze kuendelea. Wengi hukosea hapo kwa pupa. Lakini njia hii ya mkono siipendi kwa matumizi ya kudumu. Cheti ni cha siku 90, hakitajihuisha chenyewe, na tangu Juni 2025 Let's Encrypt hawatumi tena barua pepe za kukumbusha. Hamishia DNS kwa mtoa huduma ambaye certbot ina programu-jalizi (kiongezo) yake, ili iweke rekodi hiyo yenyewe.

Cheti hakitafungua njia ya kuingia kutoka nje, hilo lijue mapema. Ikiwa walimu wanatumia Wi-Fi hiyo hiyo, elekeza jina kwenye anwani ya ndani ya seva, ile ya 192.168, yatosha. Ikiwa wazazi nao watafungua kutoka makwao, omba kampuni ikupe anwani ya IP ya umma, au kodi seva ndogo ya nje uunganishe na Pi kwa WireGuard, programu ya kuunganisha mashine mbili kwa njia ya siri. Binafsi, kwa daftari la ada, ningelibakisha ndani.

Kwenye mpangilio wa seva weka `fullchain.pem`, faili lenye cheti chako pamoja na vya waliokitoa, si `cert.pem` lenye chako peke yake, la sivyo baadhi ya simu zitakataa huku nyingine zikikubali. Tena Pi 4 haina betri ya saa: umeme ukikatika na intaneti ikachelewa kurudi, saa yake hubaki nyuma, na certbot inaweza kushindwa kuzungumza na Let's Encrypt. Angalia kwa `timedatectl` kabla hujashika kingine chochote.