Adapta haibadilishi umeme: kipi kiende Marekani, kipi kibaki

SWALI: Fundi, salaam. Nimepata kazi ya uuguzi Texas, mkataba wa miaka 3, na mwajiri atalipia sehemu ya shehena. Nina friji, mashine ya kufua, birika la umeme, pasi, blenda, televisheni na cherehani ya umeme. Muuza duka ameniambia ninunue adapta ya dunia nzima, vyote vitafanya kazi. Nibebe vipi? (Muuguzi, Mombasa)

JIBU: Dada, hiyo adapta ya dunia nzima ndiyo inayonipandisha presha. Inabadilisha umbo la pini, basi. Umeme unaopita ndani yake ni ule ule uliotoka ukutani, na Marekani hutoka volti 120 kwa hezi 60 (hezi ni idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde), wakati wa Kenya ni volti 240 kwa hezi 50. Birika lako, tuseme ni la wati 2,200, huko litabaki na robo ya nguvu, wati 550. Volti zikipungua nusu, joto hushuka mara nne. Chai utainywa, ila kwa subira. Pasi ndiyo hivyo hivyo.

Ukimbana muuza duka, atakuja na jibu la pili: basi chukua transfoma, kile kifaa cha kupandisha au kushusha volti. Kwa cherehani ya nyumbani sina ubishi, mota yake ni ndogo na kwa kawaida haijali hezi. Blenda pia itazunguka, ingawa huenda transfoma ikawa nzito kuliko blenda yenyewe. Lakini birika? Saketi nyingi za soketi katika nyumba za kule ni za ampea 15. Zidisha kwa 120, unapata wati 1,800, na birika lako linataka 2,200. Utabaki kupanda na kushuka kwenye swichi kuu.

Na hata transfoma kubwa namna gani haigusi hezi. Hili wauzaji hawalisemi kabisa. Kompresa ya friji ya kawaida na mota za mashine nyingi za kufua huzunguka kwa kufuata hezi, kwa hiyo huko zitasukumwa kwa kasi ya asilimia 20 zaidi ya zilivyoundwa. Zitachemka, zitakufa mapema. Viuze hivyo viwili au umwachie mama. Birika na pasi utanunua ukifika.

Televisheni, isome kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 100-240V, 50/60Hz, inasafiri, sawa na chaja za simu na laptopu. Ila kipokezi chake cha antena ni cha DVB-T2, mfumo wa matangazo wa kwetu, na Marekani hurusha kwa mfumo mwingine, ATSC: bila king'amuzi cha huko, utatazama kwa intaneti tu. Nafasi ikibaki, tia mbuzi ya kukunia nazi. Ile haiulizi volti.

Anayekwenda Oman au Uingereza hana shida hizi. Wa Saudia ajihadhari: soketi ni ya pini tatu kama yetu, volti karibu zile zile, lakini hezi ni 60. Plagi inaingia vizuri, na mtu haulizi tena.

Wanaonitisha zaidi ni wanaorudi. Mtu anashusha vifaa vya volti 120 kutoka Marekani, anampelekea fundi wa mtaani, naye anakata plagi bapa na kufunga ya pini tatu. Fundi gani huyo? Plagi bapa ndiyo iliyokuwa ikikizuia kifaa kisiingie kwenye umeme wa kwetu. Kibaniko cha mkate cha wati 1,000 kikipewa volti 240 kinavuta karibu wati 4,000 kwa waya ule ule. Fyuzi ya ampea 13 ikikatika ni bahati yako, na wapo wanaoitoa wakafunga kipande cha waya. Vingine huishia sokoni, vimefutwa vumbi, bei ya kutupa. Ukikuta plagi imebadilishwa, soma kibandiko kabla ya kutoa hela. Na kama kibandiko kimebanduliwa, rudisha kifaa pale pale ulipokikuta.