Kulastara huja kwa miguu: nilivyolinda samaki wa bwawa la nyumbani

Nilitoka asubuhi na kopo la chakula cha samaki, nikagonga ukingo wa bwawa kwa kidole kama nifanyavyo kila siku. Kwa kawaida nikigonga mara mbili tu, samaki wameshapanda juu, midomo wazi. Siku hiyo hakupanda hata mmoja. Nilikuwa na samaki wa dhahabu 14. Nilipopiga magoti na kuchungulia nikahesabu wanane, wamejibana chini ya jani la yungiyungi, hawataki hata kugeuka. Sikuona mzoga, wala damu, wala gamba. Nikaamini ameingia mtu usiku akaiba.

Mwizi akarudi alfajiri ya pili yake, nami nilikuwa dirishani. Kumbe ni ndege, si mtu. Alitua kwenye majani, kama hatua kumi kutoka majini, akasimama muda mrefu akiangalia huku na huku. Kisha akatembea. Aliinua mguu, akakunja vidole vyake virefu, akaukanyagisha taratibu, ndipo akainua wa pili. Akaingia majini pale penye kina kidogo nilipopanga vyungu vya mimea, akatulia kama kijiti kikavu. Sijui ilipita dakika ngapi. Shingo ikachomoka mara moja tu, samaki akawa mdomoni. Akamgeuza kichwa mbele, akammeza, nami nikaona uvimbe ukishuka shingoni.

Wengi tunamwita korongo, lakini jina lake hasa ni kulastara. Mtazame akiruka: korongo wengi huinyoosha shingo, kulastara huikunja na kuirudisha mabegani. Yule wa kijivu ana kimo cha karibu mita moja ilhali uzito wake ni kilo 1 hadi 2 tu, na anaweza kula zaidi ya gramu 300 za samaki kwa siku. Huwinda zaidi alfajiri na magharibi, na usiku wenye mbalamwezi pia. Ndiyo maana unaweza kuishi naye wiki nzima usimwone, ukaona tu samaki wanapungua. Dalili zake ni nyayo za vidole vitatu mbele na kimoja kirefu nyuma kwenye matope ya ukingoni, kinyesi cheupe kilichotapakaa, na samaki waliobaki kukataa kupanda juu. Paka huacha mabaki, yeye humeza mzima.

Nimeieleza alfajiri ile kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyonifundisha. Nilikuwa nikidhani ndege wa namna hii hujitupa majini kutoka angani kama mdiria. La. Mara nyingi hutua pembeni, akatembea mpaka majini, na akitaka kuvua ni lazima miguu yake ipate pa kukanyaga. Kwa hiyo ulinzi unaodumu ni ule unaomnyima pa kusimama. Kumtisha peke yake ni kupoteza muda, na mimi niliupoteza.

Nilianza kwa kumtisha. Nilinunua sanamu ya kulastara ya plastiki nikaisimamisha ukingoni, kwa kuwa niliambiwa ndege huyu hapendi kuvua karibu na mwenzake. Siku ya tatu nikamkuta hai amesimama pembeni ya sanamu, anavua. Mara nyingi kulastara huvua mahali pamoja, na akiona mwenzake ametulia majini anaweza kudhani hapo pana chakula. Nikatundika sidii kuukuu zimetemete juani. Alizizoea kabla wiki haijaisha, na isitoshe anakuja jua likiwa bado halijatoka. Samaki wawili wakaenda katika majaribio hayo.

Kilichomsimamisha kwanza ni mshipi, ule uzi mwangavu wa kufungia ndoano. Nilichomeka vigingi kuzunguka bwawa lote, karibu nusu mita kutoka ukingoni, nikafunga nyuzi mbili: moja kimo cha sentimita 15 kutoka ardhini, nyingine sentimita 35. Ndege anayetembea anagusa kitu asichokiona kwa miguu yake, naye ni kiumbe mwenye wasiwasi, hurudi nyuma. Usiufunge ukingoni kabisa, maana shingo yake ni ndefu, ataegemea juu ya uzi na kufika majini. Uvute ukaze sawasawa. Uzi uliolegea unaweza kumnasa mguu, na hilo si lengo letu. Funga vitambaa vyekundu kwenye vigingi ili watu wa nyumbani wasijikwae.

Mshipi hautoshi ikiwa bwawa lako ni kubwa au kama ndege ameshajua utamu wa mahali. Hapo ndipo wavu unapohitajika, na wavu wengi huufunga vibaya. Wakiutandaza juu ya maji tu, unalegea katikati. Ndege anasimama juu yake, uzito wake unaushusha majini, naye anachoma mdomo kupitia matundu. Mimi niliupigilia kwenye fremu ya mbao, ukakaa juu ya maji kwa sentimita 30, umekazwa kama ngozi ya ngoma. Chagua wavu mgumu wa nyuzi nene wenye matundu madogo. Wavu wangu wa kwanza ulikuwa wa nailoni laini, na siku moja nikakuta chura amenaswa kiunoni, miguu ya nyuma ikipiga hewa. Nilikata wavu kwa mkasi wa kucha, uzi mmoja mmoja, mpaka akatoka. Tangu hapo wavu naukagua kila asubuhi.

Dawa yenyewe hasa, hata hivyo, ni umbo la bwawa. La kwangu lilikuwa na kina cha sentimita 40 na ngazi pana pembeni kwa ajili ya mimea. Ngazi ile ndiyo ilikuwa jukwaa lake. Nililitoa maji, nikawahamishia samaki kwenye pipa lenye maji yaleyale ya bwawa na pampu ya hewa, nikachimba hadi mita moja katikati, nikaondoa ngazi, kuta zikasimama wima. Ukingo nao niliuinua, uso wa maji ukabaki chini yake kwa sentimita 25. Ukiwa ndio kwanza unachimba bwawa, fanya hivi tangu mwanzo. Kazi ya kubomoa na kutandika upya plastiki ilinichukua siku nne za kuumwa mgongo.

Kuta za wima zina hatari zake. Chura au mnyama mdogo akitumbukia hatoki, na mtoto mdogo vilevile, tena kwa mtoto kina cha mita moja ni hatari kubwa. Kwa viumbe wadogo niliacha kona moja yenye mawe ya kupandia, nikaiziba kwa mimea minene pamoja na kipande cha wavu juu yake ili kulastara asipafanye pa kusimama. Kwa watoto hakuna njia ya mkato: weka uzio wenye mlango unaofungwa, au subiri wakue ndipo uchimbe.

Samaki nao wapewe pa kukimbilia. Nililaza chini kabisa vipande vya bomba nene vya kipenyo cha sentimita 15, virefu karibu mita moja, vikiwa wazi pande zote mbili. Kingo zake nilizipiga msasa kwanza, zisije zikawachubua. Yungiyungi nimeliacha lifunike karibu nusu ya uso wa maji. Usiliache lifunike lote, kwa sababu usiku mimea hutumia hewa iliyomo majini badala ya kuitoa, na samaki wanaweza kukosa pumzi kabla hakujapambazuka.

Jambo jingine linaniuma mpaka leo. Kwa kugonga ukingo kila asubuhi niliwafundisha samaki wangu kwamba kivuli kinachosimama pembeni ni chakula. Kulastara alipokuja, walimfuata. Sasa nawalisha katikati, penye kina kirefu, chakula nakitupa nikiwa mbali na maji, na sigongi tena. Baada ya shambulio pumzika kabisa kuwalisha kwa siku chache. Hawatakufa njaa, na chakula wasichokila kitaoza na kuharibu maji.

Kuna pia kifaa cha kurusha maji chenye kihisi cha mwendo. Ndege akipita mbele yake anapigwa na maji ghafla. Katika vitisho vyote, hiki ndicho nilichokiona kinafanya kazi, kwa sharti ukielekeze kwenye njia anayotembea, na ukihamishe kila baada ya siku mbili tatu asikizoee. Mbwa anayelala uani naye husaidia, kama unaye.

Samaki aliyenusurika huwa na jeraha la mdomo ule mkali: tundu mgongoni, au magamba yaliyong'oka pande zote mbili. Wawili wangu walikuwa hivyo. Niliwatenga kwenye beseni kubwa lenye maji ya bwawa, nikaweka chumvi gramu 3 kwa kila lita, nikiiongeza kidogo kidogo kwa muda wa siku mbili, pampu ya hewa ikipuliza usiku na mchana. Sehemu ya maji nilibadilisha kila siku. Mmoja alipona, akabaki na kovu jeupe. Wa pili jeraha lilikuwa limefika tumboni, akafa siku ya tano.

Nilikasirika, sikatai. Jirani akanishauri nitege mtego. Sikutega, nawe usitege. Kulastara analindwa kisheria katika nchi nyingi, kwa mfano Uingereza kwa sheria ya mwaka 1981 na Marekani kwa sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918. Na hata pasipokuwa na sheria, yule ndege hana kosa. Anavua kama babu zake walivyovua, na ukimwondoa mmoja, mwingine ataiona nafasi iliyo wazi na kuja.

Usikimbilie kununua samaki wapya. Kulastara hukumbuka mahali alipokula, atarudi kukagua kwa wiki kadhaa hata asipopata kitu. Mimi niliacha samaki wangu wanne walewale miezi mitatu, mpaka zikapita wiki nne mfululizo bila unyayo mpya kwenye matope. Ndipo nikaongeza sita. Juzi alfajiri alitua tena kwenye majani, akatembea hadi kwenye mshipi, akausukuma kwa kifua, akarudi hatua mbili, akaruka. Vigingi bado nimeviacha.