Matairi ya misimu yote kwenye theluji ya Minneapolis

Ndugu yangu, unauliza kama matairi ya misimu yote ya gari lako la spoti yatakuvusha baridi ya kwanza hapo Minneapolis, Marekani. Kuondoka yataondoka, kazi ni kusimama. Mpira wake huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na kashata zake (vile vinundu vya uso wa tairi) zimechongwa zaidi kwa ajili ya lami kavu na mvua. Mwaka wangu wa kwanza nilikanyaga breki taratibu kabisa kwenye taa nyekundu. Pedali ikatetemeka, gari likateleza kama sabuni hadi katikati ya makutano. Bahati hapakuwa na mtu.

Angalia ubavuni mwa tairi: alama ya M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi, tafuta mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Kashata zikiwa chini ya milimita 4, usijaribu. Upepo wa matairi pima asubuhi kabla hujaendesha, maana baridi huupunguza. Ukiweza, nunua matairi ya theluji, yote manne. Ukifunga mawili ya mbele tu, nyuma itakuzungusha kwenye kona. Ukitaka rimu ndogo zaidi (ni nafuu), muulize fundi kwanza kama zitapita kwenye breki zako.